Maua Niliyong'oa Kando ya Ukuta

Picha ilitufikia Jumapili moja ya Agosti, baada ya misa, kwenye simu ya rais wa chama chetu, na ile simu ikazunguka ukumbini mkono kwa mkono kama bakuli la karanga. Ilikuwa picha ya kanisa la misheni ya kwetu, lile la matofali mekundu ambalo mapadri wa kwanza walilijenga katikati ya msitu wa miombo kabla baba yangu hajazaliwa. Ukuta wa kusini ulikuwa umelika chini. Kuanzia msingi hadi usawa wa goti, matofali yalikuwa yamemumunyuka kama mkate uliotafunwa na panya. Chini ya picha paroko alikuwa ameandika kwamba jubilei inakaribia, askofu atakuja, na watoto wa misheni walioko Johannesburg wakumbuke kwao: simenti inatakiwa, kanisa zima lipigwe lipu nje na ndani kabla mvua hazijaanza.

Watu walipiga makofi.

"Simenti si tatizo," alisema rais wetu. Ni mtu mnene, mchangamfu, ana duka la nywele za bandia, na akisimama kusema huwa anashika mkanda wa suruali kwa mikono miwili. "Kwetu waone kwamba sisi huku hatukuja kutazama robot, taa za barabarani, zikibadilika rangi."

"Msitume," nikasema.

"Muzee amesema nini?"

"Amesema tusitume."

"Tusitume nini?"

"Simenti," nilisema. "Kanisa lile halitaki simenti."

Walicheka. Mama mmoja anayeuza vitenge karibu na stendi ya teksi alinigeukia, mkono kiunoni. "Eish, Muzee! Weye, kapita mzima wa misheni? Si ndiye uliipiga lipu nyumba ya mapadri ikang'aa kama yai? Nilikuwa mtoto, tulikuwa tunakwenda kugusa ule ukuta kwa mashavu, vile ulivyokuwa baridi!"

"Lipu ya Muzee ndiyo tunaitaka," rais alisema. "Au unataka sifa zibaki zako peke yako?"

"Ile nyumba ilianguka," nikasema.

"Ilianguka kwa sababu ya yule fundi na msingi wake mbovu, Mungu amrehemu. Safari hii hakuna fundi mlevi wa kutuharibia."

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa fupi, lakini nililimeza kama nilivyolimeza miaka zaidi ya thelathini. Nikashuka ngazi nikaenda zangu Berea, mtaa ninaokaa.

Afadhali niliandike hapa kama lilivyokuwa, kwa sababu wengine waliokuwa karibu nami siku ile wamekwisha kufa.

Misheni yetu iko mbali na barabara kuu, kusini mwa Kongo, mahali ambapo msitu haukatiki isipokuwa kwenye mbuga za majimaji. Kulikuwa na kanisa, nyumba ya mapadri yenye baraza pana, shule, na ghala la mahindi, vyote vya matofali yaliyochomwa palepale kwa udongo wa vichuguu. Vichuguu vya kwetu si vya kuruka. Kimoja kinaweza kuzidi nyumba kwa urefu, na udongo wake hunata kuliko udongo wa mtoni. Mapadri wa kwanza hawakuwa na simenti. Walijengea udongo huohuo wa kichuguu uliochanganywa na chokaa na mchanga, na kwa miaka mingi sana kuta zao hazikupata hata ufa wa kupitisha sisimizi.

Mwezi wa nane wakulima huchoma majani makavu, na moto hupita chini ya miti ukaacha jivu tupu. Mgeni akipita wiki hiyo atasema nchi imekufa. Wiki ya pili yake, kabla tone la mvua halijaanguka, maua hutoka kwenye jivu. Mengine ni ya manjano, yamekaa chini kabisa bila shina, utadhani mtu ameyamwaga. Mengine ni meupe, mengine zambarau. Juu, majani machanga ya miombo yanakuwa mekundu kwanza ndipo yanageuka kijani. Mvua zikishakolea, mbugani huota yale maua ya rangi ya waridi yenye viazi chini yake, viazi ambavyo mama zetu walichimba, wakavitwanga pamoja na karanga kupata kikanda. Hapa Johannesburg wapo akina mama wanaokiuza mjini kimekatwa vipande kama keki. Mimi hununua, nakula nimesimama, na sisemi na mtu.

Nilisoma sekondari hapo hapo misheni. Nilipomaliza, padri mkuu alinifanya kapita, yaani msimamizi wa kazi zote za mikono: mafundi, bustani, zizi, kuni. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, kalamu mbili mfukoni, na viatu vya kamba. Chini yangu alikuwapo fundi wa kuta, mzee wa umri wa baba yangu, asiyejua kusoma. Kazi yake ilikuwa kutunza yale majengo. Kwa jinsi nilivyomwona, hakufanya kazi yoyote. Kila mwaka baada ya moto, na tena mvua zilipokolea, alizunguka kila jengo polepole, mikono nyuma, akitazama chini.

"Unatafuta nini, fundi?" nilimuuliza siku moja.

"Natazama maua, Kapita."

"Misheni inakulipa kutazama maua?"

Alicheka, hakuona tusi. Alinishika mkono akanipeleka kwenye ukuta wa kanisa, upande wa kusini. Kando ya msingi kulikuwa na ukanda wa pori, upana wa hatua mbili, ambao hakuruhusu mtu kuulima. Alinionyesha vimaua vya manjano vya kwenye jivu, akasema hivyo havipendi maji. Vikiota hapo, msingi ni mkavu, nilale usingizi. Akaniambia siku nitakayoona maua ya mbugani yamesogea mpaka hapa, nijue maji yamepata njia chini ya ukuta, na nichimbe mfereji kabla ya kufanya jambo lingine lolote. "Ukuta hausemi," alisema, "lakini huwa unamtuma mtu." Kisha akaongeza kwamba mizizi ya vile vimaua vidogo ni mirefu kuliko mimi, inashuka chini kama kamba ya kisima, na inanyonya unyevu usiufikie msingi.

Nilimwitikia tu. Moyoni nilisema: huyu mzee ameona uvivu akaupa jina.

Mwaka uliofuata tuliambiwa askofu anakuja. Nilitaka misheni ing'ae. Niliomba simenti, ikaja lori zima. Nikaamuru nyumba ya mapadri ipigwe lipu ya simenti kutoka msingi mpaka dari, na ule ukanda wa pori ulimwe, kwenye nyumba ya mapadri na upande wa kusini wa kanisa, ule unaotazama barabara. Sikusema ufyekwe. Nilisema uchimbwe, na nilisimama hapo na kijiti nikipima: mkono mzima kwenda chini, ili "magugu" yasirudi. Mizizi ilitoka minene kama mikono ya watu, wanaume wakaikata kwa shoka. Mahali pake nikapanda maua ya bustani yenye majani mapana na vichwa vyekundu, yaliyoletwa kutoka mjini. Yale hayaishi bila maji. Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni, kiangazi chote, watoto wa shule walibeba ndoo na kumwaga maji kwenye mguu wa ukuta. Kwa amri yangu.

Fundi alikuja ofisini kwangu akavua kofia. "Kapita, ukuta umeuvalisha koti la mpira, halafu unaunywesha. Atatolea wapi jasho?"

Alisema "atatolea," kama vile anaongea habari za mgonjwa. Nilimjibu kwamba nimesoma na yeye hajasoma. Nilimwambia arudi kwenye vichuguu vyake.

Askofu alikuja, akasifu. Mvua kubwa ya pili baada ya hapo, ukuta wa nyuma wa nyumba ya mapadri ulianguka saa saba mchana, wakati padri mkuu yuko mezani. Hakuumia. Tulipovunja lipu tuliona matofali ya ndani yamekuwa uji. Simenti ilikuwa nzima, ngumu, nzuri, na nyuma yake hakuna kitu. Padri mkuu aliniuliza imekuwaje. Fundi alikuwa amesimama karibu nami, kofia mkononi. Nikasema: "Padri, msingi ulijengwa vibaya. Fundi alijua, hakusema. Na siku hizi anakunywa."

Alikuwa anakunywa kama watu wote wa kijiji wanavyokunywa, siku za soko. Hakujitetea. Alinitazama tu, akavaa kofia yake, akaondoka. Alifukuzwa na kunyang'anywa nyumba ya misheni. Mimi nilibaki kapita miaka tisa zaidi, hadi vita na njaa vilipotutawanya, na bado kuna watu wanaonisifu kwa lipu iliyong'aa.

Sasa ile picha. Nilipoitazama kwenye simu ya rais niliona kitu ambacho hakuna mwingine ukumbini aliyekiona. Kanisa lile sikulipiga lipu. Lakini ukuta ulioliwa ulikuwa wa kusini, ule mmoja tu niliouchimbia maua na kuunywesha ndoo. Pembeni mwa picha, bado yalionekana yale majani mapana na vichwa vyekundu. Miaka yote hiyo walikuwa wanaendelea kuyamwagilia, kwa sababu kapita mmoja zamani aliamuru. Kuta nyingine tatu zilikuwa nzima. Na sasa walikuwa wanataka kuzivalisha zote koti.

Nilianza kuhangaika. Jumatatu nilimfuata rais dukani kwake.

"Papa Prezida, simenti inafungia maji ndani. Matofali yale ni laini, yanataka kupumua."

"Sawa," akasema, bila kuacha kupanga nywele. "Kwa hiyo watie nini?"

"Udongo wa kichuguu, chokaa na mchanga."

"Kiasi gani na kiasi gani?"

Sikujua. Nilikuwa kapita wa yule fundi miaka mitatu, nikihesabu siku alizochelewa, na sikuwahi kumuuliza hata mara moja alichanganya nini.

"Muzee," rais alisema, kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kicheko, "siwezi kumwambia paroko asitie simenti, atie *sijui*."

Nilimpigia paroko mwenyewe. Ni kijana, mchangamfu pia, mawasiliano yanakatika. Nilimtumia ujumbe wa sauti wa dakika sita kuhusu unyevu na misingi. Alinirudishia picha ya mikono miwili ikiomba na maneno "Asante sana Muzee kwa moyo wako." Nikatuma mwingine. Akaniletea picha ya kwaya ikiwa na sare mpya. Nilimwomba apige picha chini ya ukuta wa kaskazini, nione kama vimaua vya manjano bado vipo. Akatuma picha ya mnara na msalaba, na mawingu mazuri.

Kazini, mimi ni mlinzi wa mlango kwenye jengo moja la zamani katikati ya mji. Chini wanauza mablanketi kwa jumla. Ghorofa ya tatu ndiyo ukumbi tunaokodi kwa chama. Ngazi zake ni za mbao nene, na nje bado kuna maua ya mawe yaliyochongwa juu ya madirisha, ingawa hakuna anayeinua kichwa kuyatazama. Pale nyuma mwenye nyumba alipiga lipu ya simenti juu ya matofali ya kale, na kila msimu wa joto wa huku, mvua za mchana zinapoanza, ukuta wa ngazi unatoka jasho na rangi inabambuka kama ngozi. Walikuja mafundi kuupaka tena. Niliwauliza kama wanajua lipu ya chokaa. Mmoja alisema, "Madala, mzee wangu, siku hizi kila kitu kiko kwenye ndoo," akanionyesha ndoo. Niliuliza kwenye duka la vifaa. Nilimwuliza mzee wa Kirundi aliyekuwa mwashi kwao. Alisema kwao walitumia samadi, lakini si kwa matofali. Wiki tatu zikapita hivyo. Simenti ikanunuliwa mjini kule kwetu, ikapakiwa, ikaondoka. Kila nilipofungua mdomo, watu walikuwa wakitabasamu kabla sijamaliza.

Na muda wote huo nilijua ni nani wa kuuliza.

Binti wa yule fundi anaishi Jeppestown. Ana cherehani mbili katika karakana wanayogawana watu wengi, anashona sare za shule na magauni ya harusi. Niligundua yuko huku miaka tisa iliyopita. Tangu hapo, nikiwa na shughuli upande ule, hupita mtaa wa nyuma. Chamani kwetu hajawahi kuja. Sababu yake inajulikana na wote: utotoni, baada ya lile tukio, walimwita Mtoto wa Ukuta.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Alikuwa na pini mdomoni, anapima shati juu ya meza. Alinitazama, akanitambua, akaendelea kuchomeka pini mpaka zikaisha.

"Kapita," akasema.

"Shikamoo ni yangu leo," nilisema. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani na hayo hayakuwamo.

"Usinichekeshe, nina kazi. Kaa pale."

Nilikaa juu ya marobota. Nilimweleza habari ya picha, ya simenti, ya ukuta wa kusini. Nilimweleza kwa kirefu, na nilipofika kwenye udongo nilisema najua vitu vitatu lakini sijui vipimo.

"Hujui," alisema.

"Sijui."

"Na mimi nilikuwa na miaka minane, najua." Aliweka mkasi chini. "Nani alikuwa anakanyaga ule udongo, ulifikiri? Yeye? Magoti yake yalikuwa yamekufa. Tulikuwa tunakanyaga mimi na dada zangu. Chokaa inalala ndani ya maji kiangazi kizima, kwenye pipa, ukiifunua mapema Baba anakuchapa. Vikapu vitatu vya kichuguu, lakini kichuguu kilichohamwa, kisicho na mchwa. Viwili vya mchanga wa mtoni. Kimoja cha ile chokaa iliyolala. Unakanyaga mpaka kidole kikiingia kinatoka safi. Ulikuwa unapita pale kila siku na viatu vyako, Kapita. Ulikuwa unatuambia tusichafue njia."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimewaona kila siku, wasichana watatu wenye matope mpaka mapajani, na kweli niliwaambia hivyo.

Nilitoa karatasi niandike. Aliweka kiganja juu ya karatasi.

"Utawaambia nani amekupa?"

"Nitawaambia ni wewe."

"Na kwa nini nyumba ya mapadri ilianguka, utawaambia?"

Nilianza kusema kwamba mambo ya zamani, kwamba watu wengi wamekufa, kwamba la muhimu sasa ni kanisa. Alinisikiliza kama mteja anayelalamika sketi imembana.

"Sikia, Papa," akasema, na alikuwa ameacha kuniita Kapita. "Vipimo nimekwisha kukupa, siwezi kuvirudisha mdomoni. Lakini ukisimama mbele yao na vipimo vya mlevi aliyeangusha nyumba, watakuamini? Wewe mwenyewe ungeamini?"

Hapo ndipo nilipofahamu jinsi nilivyojifunga. Uwongo wangu haukuishia kumfukuza mtu. Ulikuwa umeiua dawa yenyewe. Maadamu fundi alikuwa mlevi wa msingi mbovu, udongo wake ulikuwa udongo wa mlevi, na simenti ilikuwa simenti ya kapita. Nilitaka kuokoa kanisa na kubaki na jina langu, na kumbe jina langu ndilo lililokuwa linapiga lipu.

Kesho yake, Jumapili, nilisimama ukumbini kabla ya sala ya kufungua.

"Nina neno," nilisema.

"Kama ni simenti, Muzee, tumechoka," rais alisema, na watu wakaguna.

"Nyumba ya mapadri niliiangusha mimi."

Niliwaambia yote. Mkono mzima kwenda chini, ndoo asubuhi na jioni, koti la mpira, padri mezani, nilichosema, kofia ya yule mzee, na binti yake aliyenipa vipimo. Sauti yangu ilikuwa mbaya, ilikuwa inapanda kama ya mtu anayegombana, kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na sikuwa na wa kumkasirikia ila mwenyewe. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi wala kulia. Yule mama wa vitenge ndiye aliyesema kwanza.

"Yule binti tulimwimbia wimbo wa Mtoto wa Ukuta," alisema polepole. "Mimi mwenyewe nilikuwa ninaongoza. Akipita kwenda kisimani. Muzee, umetufanya tumwimbie mtoto wa watu bure?"

"Ndiyo."

"Muzee, wewe ni mtu mbaya."

"Ndiyo, mama."

"Wacha, wacha," rais akasema. Alikuwa ameshika mkanda wake. "Tusihukumu. Na hiyo simenti sasa? Imeshafika. Nimepigiwa jana."

Alimpigia paroko hapohapo, akaweka simu mezani ili wote tusikie. Paroko alifurahi sana. Alisema mafundi walianza Alhamisi, upande wa kusini, ule ulioumia, na wamefika usawa wa madirisha. Watu walinigeukia. Nilisogea mezani, nikainama juu ya simu nikasema simamisheni, leo, bomoeni lipu hiyo kabla ya mvua, ng'oeni maua yale mekundu, msimwage tena maji pale. Nikamsomea vikapu vitatu, viwili na kimoja.

Kisha paroko alisema, "Lakini Muzee, baba askofu anakuja mwezi wa kumi na moja. Nitamwonyesha ukuta wenye vidonda?"

"Mwonyeshe."

"Na chokaa mnasema ilale kiangazi kizima. Kiangazi kimekwisha."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimechelewa kwa wiki tatu za kutafuta kila mtu isipokuwa mmoja, na kwa miaka thelathini juu yake. Walibishana sana. Mwishowe rais aliamua kama marais wanavyoamua: kuta tatu zisiguswe. Simenti iliyobaki ijengee vyoo vya shule, navyo vipewe jina la chama. Maua mekundu yang'olewe. Chokaa ilowekwe sasa ingojee mwaka ujao. Lakini lipu ya kusini ibaki mpaka jubilei ipite. Nilipinga. Nilisema mvua mbili zinatosha, nilisema nimeona kwa macho yangu. Rais aliniwekea mkono begani.

"Muzee, leo umeshinda kuta tatu kati ya nne. Kaa chini, unywe soda."

Nilikaa, na soda sikuinywa.

Mvua kule zimekwisha kuanza. Huku nako, barabara za juu kuelekea kaskazini mwa mji zimejaa yale maua ya jakaranda ambayo watu wanasimamisha magari kuyapiga picha, na hakuna anayekumbuka kwamba nayo yaliletwa. Mimi kila wiki namwomba paroko picha ya mguu wa ukuta. Nasema chini, baba, chini, elekeza simu kwenye udongo. Ananitumia askofu akikata keki. Ananitumia vyoo.

Juzi binti wa fundi alinipigia. Shangazi yake bado yuko kijijini, na alimwomba akapige picha. Nilikwenda Jeppestown baada ya kazi. Sikupita mtaa wa nyuma. Alinipa simu bila kuniambia nikae.

Picha ya kwanza ilikuwa upande wa kaskazini. Jivu limelowa, na juu ya jivu, mpaka kwenye matofali yenyewe, vimaua vya manjano vimekaa chini bila shina. Nilivihesabu mpaka nikapoteza hesabu.

Picha ya pili ilikuwa upande wa kusini. Maua mekundu yalikuwa yameng'olewa kweli. Juu simenti ya kijivu, safi. Na pale inapokutana na ardhi, mstari mweusi wa unyevu, tayari umepanda shubiri moja. Chini yake udongo mtupu. Nilikuza picha kwa vidole, nikaikuza tena.

"Hakuna kitu," alisema, akisokota uzi kwenye sindano. "Nimeshatazama. Ulichimba sana, Papa."

"Baba yako alisema mizizi inashuka kama kamba ya kisima. Labda chini zaidi imebaki."

"Labda."

"Mwambie shangazi apige tena mwezi ujao."

"Nitamwambia." Aliingiza uzi, akavuta, akainama juu ya cherehani. "Na mwambie yule paroko wako lipu ile isingoje mwaka ujao."

"Namwambia kila siku. Hasikii."

"Ndiyo," alisema. "Inauma, eh?"